Mzee Aliyesahau Amana: Picha za Ubongo na Haki ya Wazazi Wetu



Ndugu msomaji, sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Safu hii mara nyingi huzungumzia malezi, ndoa na mirathi. Leo naomba niingie katika jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la madaktari peke yao, lakini lilipotufika tulitambua kwamba ni la familia, la msikiti na la dini pia.

Msikiti wetu ulikuwa na mhazini aliyeshika fedha za Waislamu kwa zaidi ya miaka ishirini. Sadaka za Ijumaa, michango ya maji na umeme, fungu la sanda na jeneza, vyote vilipita mikononi mwake, na hapakuwahi kusikika mtu akimtaja kwa ubaya. Kisha hesabu zikaanza kupinda. Bili moja ililipwa mara mbili. Fundi wa pampu alidai hajapata ujira wake, na mzee akaapa kwamba alimlipa mkononi. Daftari la mapato likakutwa na majuma mawili matupu. Tukaitisha kikao baada ya sala ya Isha, na mjumbe mmoja akasema maneno ambayo sitayarudia hapa. Mzee alituangalia mmoja baada ya mwingine, akasema, "Wanangu, mimi sijala." Hakuwa na maelezo mengine. Mimi ndiye katibu. Niliandika katika kumbukumbu za kikao kwamba mhazini ameshindwa kutoa maelezo ya kuridhisha. Sentensi hiyo bado imo katika daftari letu kwa mwandiko wangu.

Jambo lililotupoteza ni kwamba juma lile lile mzee alitusomea Suratu Yasin katika hitima, kwa moyo, wala hakukosea hata herufi. Tukaambiana: mtu anayehifadhi vile atasahauje fedha alizozipokea juzi? Hatukujua kwamba swali letu lilikuwa limebeba jibu lake ndani yake.

Ilipofika Idi, binti yake alikuja kutoka mkoa mwingine. Siku ya kwanza, kabla sahani hazijaondolewa, baba yake alimwuliza mara tatu habari za mumewe. Mume huyo alikwishafariki, na mzee mwenyewe ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Binti hakubishana naye. Alimpeleka hospitali. Daktari alimwuliza mzee maswali, akampima damu na presha, kisha akaagiza picha ya ubongo kwa CT-Scan. Picha ile ilionesha makovu madogo madogo ya kiharusi ndani kabisa ya ubongo, viharusi ambavyo mzee hakuwahi kuvihisi, na ilionesha kuwa sehemu za ubavuni zinazohusika na kumbukumbu zimesinyaa. Daktari alieleza kwamba mabadiliko yale si ya jana. Yalianza miaka kadhaa nyuma.

Binti alikuja na bahasha ile mbele ya kamati. Aliitoa picha, akaielekeza kwenye taa, akasema, "Baba yangu si mwizi. Baba yangu ni mgonjwa." Hakuna aliyepata la kujibu. Baadaye sehemu ya fedha ilipatikana katika mfuko wa koti la zamani, na sehemu nyingine katika mfuko wa kitambaa wa kuhifadhia msahafu. Kiasi kilichobaki hakikuonekana, nasi wajumbe tulikichanga. Nayasimulia haya kwa idhini ya mzee na wanawe, kwa kuwa naamini katika misikiti na nyumba zetu wako wazee wengine wanaohukumiwa leo kama tulivyomhukumu sisi.

Maradhi, si uzee

Maradhi haya ya usahaulifu kitaalamu huitwa dimenshia. Si ugonjwa mmoja, ni jina la jumla la hali ambayo kumbukumbu, fikra na uwezo wa mtu kujiendesha hudhoofika hadi maisha ya kila siku yakaathirika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu Tanzania, watafiti waliwachunguza wazee wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikadiria kuwa takriban wazee 6 katika kila 100 walikuwa na dimenshia. Kwa hiyo anayesema kuwa haya ni maradhi ya Wazungu amekosea.

Aina iliyoenea zaidi ni ile iitwayo Alzheimer, inayokadiriwa kuwa asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Inayofuatia hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na mara nyingi aina hizi mbili hukutana kwa mtu mmoja. Jina Alzheimer ni la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alimpokea mwanamke wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter, aliyekuwa akipoteza kumbukumbu na kumshuku mumewe. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akakuta mambo mawili: utando wa uchafu nje ya seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Tarehe 3 Novemba mwaka huo aliyaeleza matokeo hayo mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen. Leo tunajua kwamba uchafu ule ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni protini iitwayo tau.

Umri wa mwanamke yule una mafunzo kwetu. Usama bin Sharik (R.A.) amepokea kwamba mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kujitibu, naye akawaamrisha wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja, nao ni ukongwe. Hadithi hii imo kwa Abu Dawud na Tirmidhi. Wapo wanaoitumia kufunga mlango: mzee akisahau, wanasema huo ndio ukongwe usio na dawa, basi akae nyumbani asubiri. Lakini maradhi yaliyompata mtu wa miaka 51 hayawezi kuwa ukongwe, na kuna wazee wa miaka 90 ambao akili zao ni timamu. Uzee huongeza uwezekano wa maradhi haya, lakini wenyewe si maradhi haya. Hivyo, kwa ufahamu wangu, dimenshia inaingia katika amri ya kujitibu, na haimo katika kile kilichovuliwa.

Picha huonesha nini

Kwa miongo mingi baada ya Alzheimer, hapakuwa na njia ya kuona mabadiliko hayo isipokuwa kwa maiti. Mtu alikuwa lazima afe ndipo ijulikane alikuwa na nini. Hali ilianza kubadilika mwaka 1971, pale Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza, alipofanikisha picha ya kwanza ya CT ya ubongo wa mgonjwa aliye hai katika hospitali moja ya London. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini.

CT-Scan hutumia mionzi ya eksirei inayopita kichwani kutoka pande nyingi, kisha kompyuta huyakusanya matokeo na kuyachora kama vipande vya mkate. Huchukua dakika chache tu. Huonesha vizuri damu iliyovuja, uvimbe, maji yaliyozidi, kiharusi cha zamani na kusinyaa kwa ubongo. Kipimo hiki sasa kinapatikana katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa nchini, si Dar es Salaam pekee.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu kubwa na mawimbi ya redio, haitumii mionzi. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2003 kwa kazi iliyoiwezesha. Mgonjwa hulala ndani ya mtambo unaogonga kwa kelele, na ni lazima aeleze kabla kama mwilini mwake kuna chuma au kifaa cha kuendeshea moyo. MRI huonesha nyama laini ya ubongo kwa undani kuliko CT, ikiwemo sehemu ndogo iliyojificha ubavuni mwa ubongo, moja kila upande, iitwayo hipokampasi. Jina hilo ni la Kigiriki, lenye maana ya farasi wa baharini, kwa sababu ya umbo lake lililojikunja.

Sehemu hii ndogo ndiyo inayofanya kazi ya kuingiza kumbukumbu mpya, na katika Alzheimer ni miongoni mwa sehemu zinazoharibika mapema. Hipokampasi ya mzee mzima wa afya hupungua kwa takriban asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka. Ya mgonjwa wa Alzheimer hupungua kwa takriban asilimia 4 hadi 5. Ndiyo maana madaktari wakati mwingine hurudia picha baada ya mwaka mmoja au zaidi ili kulinganisha. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo lilipokuwa jibu la swali letu kuhusu Suratu Yasin. Mzee wetu aliihifadhi utotoni na kuirudia maelfu ya mara. Imekwishaenea na kukita mizizi mahali pengine katika ubongo. Fedha alizopokea Ijumaa iliyopita zilihitaji kupita mlango wa hipokampasi, na mlango huo ulikuwa umeharibika. Alikuwa mkweli alipohifadhi, na alikuwa mkweli aliposahau.

Aina ya tatu ni PET. Hapa mgonjwa hudungwa kiasi kidogo cha kitu chenye mionzi hafifu, kisha mtambo huangalia kimekwenda wapi. Kikitumika kitu cha jamii ya sukari, picha huonesha ni sehemu zipi za ubongo zinakula na zipi zimefifia. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kiasi cha asilimia 20 ya nishati yake. Kwa hiyo sehemu inayougua hujulikana kwa kukosa hamu ya chakula, kama anavyojulikana mtoto mgonjwa. Kisha watafiti William Klunk na Chester Mathis wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walitengeneza kitu kinachonata kwenye amiloidi yenyewe. Mwaka 2002, mjini Uppsala, Sweden, mgonjwa aliye hai alipigwa picha ya kwanza ya aina hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Yale aliyoyaona Alzheimer kwa maiti sasa yakaonekana kwa mtu anayezungumza. Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kupigia picha ya amiloidi mwaka 2012, na ya tau mwaka 2020.

Kutokana na picha hizi wataalamu wamejifunza jambo zito: amiloidi huweza kuanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya mtu kuanza kusahau. Maana yake ni kwamba mtu anayeonekana kuumwa akiwa na miaka 70 huenda safari yake ilianza akiwa na miaka 50, akiwa bado anasomesha watoto na kujenga nyumba.

Mipaka ya picha

Nisingependa msomaji afunge gazeti hili na kwenda kuuza mbuzi ili apigwe picha. Picha ni shahidi, na shahidi mmoja hatoi hukumu. Wapo wazee wengi ambao ubongo wao una amiloidi na bado akili zao ni nzima, na baadhi yao watakufa wakiwa hivyo. Kusinyaa kwa ubongo pia kuna sababu nyingi. Upande mwingine, CT-Scan inaweza kuonekana ya kawaida ilhali maradhi yameanza. Kwa sababu hiyo wataalamu hawashauri mtu asiye na dalili yoyote apigwe picha ya PET ya amiloidi kwa ajili ya kujiridhisha tu. Gharama yake ni kubwa, mitambo yake ni michache, na habari itakayopatikana inaweza kumpa mtu huzuni isiyo na tiba.

Njia sahihi huanza chini. Kwanza familia ieleze ilichokiona. Kisha daktari amwulize mgonjwa maswali ya kupima kumbukumbu na mpangilio wa fikra, apime presha, sukari, macho na masikio, na aangalie dawa anazotumia. Kisha damu. Halafu ndipo picha ije kutimiza ushahidi. Hata kwenye nchi tajiri, CT au MRI ndiyo huanza, na PET huja pale panapobaki mashaka.

Kwa nini tujue mapema?

Wapo wanaosema: kama hakuna dawa ya kuponya, faida ya kujua ni ipi? Niliuliza swali hilo mimi mwenyewe. Nimepata majibu manne.

La kwanza, si kila usahaulifu ni maradhi yasiyotibika. Mzee akianguka na kujigonga kichwa, hata kidogo, damu inaweza kuvuja taratibu chini ya utando wa ubongo na baada ya majuma kadhaa akaanza kuchanganyikiwa. CT-Scan huionesha, na upasuaji unaweza kumrudisha. Yako pia maji yanayojaa ndani ya ubongo, upungufu wa vitamini B12, ulegevu wa tezi ya shingo, kaswende, sonona na madhara ya dawa. Fikiria mwana anayempeleka baba yake kwa mganga kwa miezi sita ilhali kilichokuwa kinambana ni damu ya kutolewa kwa siku moja. Fikiria pia mama mkongwe anayeitwa mchawi kwa kuwa amekutwa usiku mlangoni mwa jirani, naye amepotea tu njia ya kurudi kwake.

La pili, maradhi mengine yanaweza kucheleweshwa au kuzuiwa. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa. Miongoni mwake ni presha, kisukari, lehemu mbaya, uvutaji sigara, ulevi, unene, kutofanya mazoezi, kupungua kusikia na kuona, elimu duni, na upweke. Mzee wetu alikuwa na presha kwa miaka mingi na dawa alikuwa akimeza pale tu kichwa kinapouma. Angemeza kila siku, huenda viharusi vile vidogo visingempata. Allahu a'alam. Kwa msomaji wa miaka 45, habari hii ni yake kuliko ya baba yake.

La tatu ni dawa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo lecanemab inayoondoa amiloidi. Katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa takriban asilimia 27. Haiponyi wala hairudishi kilichopotea, inafaa kwa walio katika hatua za mwanzo tu, na inaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu katika ubongo, kwa hiyo anayeitumia hupigwa picha za MRI mara kwa mara. Ni ghali na iko mbali nasi. Naitaja ili msomaji asidanganywe na anayeuza chupa mtaani akidai anayo tiba ya kusahau, na pia ajue kwamba mlango ambao kwa karne nzima ulikuwa umefungwa umeanza kufunguka.

La nne ni la dini, nalo kwangu ndilo zito zaidi. Maradhi haya huondoka na akili, na akili ndiyo msingi wa kukalifishwa. Kuna muda, baada ya dalili za kwanza na kabla ya akili kuondoka, ambapo mtu bado ni mwenye ahli: anaweza kukiri deni, kurudisha amana, kuandika wasia, kumteua wakili, kuomba radhi na kusamehe. Muda huo ni neema, na asiyejua kuwa yumo ndani yake hupitwa nao. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alimtaka Mwislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Kama hilo ni kwa mzima, vipi kwa aliyekwishaoneshwa picha ya ubongo wake?

Na muda huo ukipita, sheria haikumwacha mtu wetu bila ulinzi. Katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayohusu kuandikiana madeni, Mwenyezi Mungu ametaja mdaiwa aliye dhaifu au asiyeweza kuandikisha mwenyewe, akaamrisha walii wake aandikishe kwa uadilifu. Tazama neno uadilifu. Walii hakupewa mali, amepewa mzigo. Mtoto anayemtia baba yake mkononi kalamu ili asaini hati ya nyumba, huku akijua baba hajui anachosaini, asijidanganye kwamba amepewa zawadi. Mkataba wa asiyekuwa na akili haujengi milki mbele ya Mwenyezi Mungu, hata kama muhuri umegongwa. Ripoti ya daktari na picha vinaweza kuwa kinga ya mzee hapa, kama vilivyokuwa kinga ya jina la mhazini wetu.

Ama ibada, mafakihi wameeleza kwamba aliyepotewa na akili kalamu imenyanyuliwa juu yake. Abu Dawud ametaja nyongeza katika hadithi ya walionyanyuliwa kalamu, inayomtaja mzee aliyekwishachanganyikiwa. Basi tusimfokee mama kwa kuwa ameswali Adhuhuri mara tatu au amekula mchana wa Ramadhani. Kumsaidia kutawadha na kumsimamisha pembeni yetu ni wema. Kumdhalilisha kwa jina la dini ni dhambi. Yenye utata yaulizwe kwa mashekhe.

Tufanye nini

Kusahau ulipoweka funguo, kisha ukakumbuka, ni jambo la kila mtu. Dalili za kutia shaka ni hizi: kuuliza jambo lile lile mara kwa mara ndani ya saa moja, kupotea katika njia ya kila siku, kushindwa kuhesabu chenji au kupika chakula alichokipika maisha yote, kukosa majina ya vitu vya kawaida, kuweka vitu mahali pasipo pake na kuwashuku watu kwa wizi, kubadilika tabia kwa mtu aliyekuwa mpole. Ukiziona kwa mzazi wako, usimhoji mbele ya watu wala usimpime kwa kumcheka. Mwambie, "Baba, twende tukapime presha," na katika safari hiyo mweleze daktari yote.

Mwenyezi Mungu, katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24, alipotaja wazazi wanaofikia uzee wakiwa kwetu, alitukataza hata neno dogo la kuchoshwa nao. Huenda hekima mojawapo ni kwamba Yeye ndiye anayejua kuwa watatuuliza swali moja mara kumi. Na katika Suratun Nahl, aya ya 70, amebainisha kwamba wapo miongoni mwetu watakaorudishwa katika umri dhalili, wasijue kitu baada ya kujua. Bukhari amepokea kwamba Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alikuwa akiwafundisha watoto wake dua ambayo Mtume (S.A.W.) alijikinga kwayo na umri huo. Tuwafundishe na sisi watoto wetu; kumwomba Mwenyezi Mungu kinga na kumeza dawa ya presha havigombani.

Kwa upande wa misikiti, naomba kamati zote zijifunze kutokana na kosa letu. Fedha za Waislamu zishikwe na watu wawili, kila pokeo liandikwe na kusainiwa siku hiyo hiyo, na hesabu zisomwe kila mwezi. Huko si kumdhania mtu vibaya. Ni kumlinda mwaminifu na siku asiyoijua. Na hesabu zikipinda, tutangulize swali la afya kabla ya lile la wizi. Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari na kuepuka dhana, nasi tuliisoma mara nyingi bila kufikiri kwamba ingetuhusu baada ya sala ya Isha katika chumba chetu cha vikao.

Juma lililofuata baada ya binti kuja na bahasha, kamati ilikwenda nyumbani kwa mzee kuomba radhi. Tulikuwa saba. Alitukaribisha vizuri, akaamuru tuletewe chai, akamsikiliza mwenyekiti hadi mwisho. Kisha akasema amesamehe, lakini akauliza ni kwa kosa gani. Hakuwa anatukejeli. Alikuwa hakumbuki kikao kile. Wenzangu wengine walishusha pumzi. Mimi sikuweza, kwa sababu msamaha wa asiyekumbuka alichotendewa sijui unanifikisha wapi, na yule aliyetuangalia mmoja baada ya mwingine usiku ule simpati tena wa kumwomba.

Niliandika kumbukumbu nyingine chini ya ile ya kwanza, nikaeleza ukweli wote, wajumbe wakasaini. Mzee bado huja msikitini. Mjukuu wake humshika mkono hadi safu ya kwanza, na kijana mmoja husimama ubavuni mwake ili amkumbushe rakaa. Hitima ikiwepo, bado humpa yeye Suratu Yasin, naye huisoma yote.

Ewe Mola wetu, wahurumie wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, tusamehe tuliowadhania mabaya, na utukinge na umri dhalili. Amin.

Wabillahi tawfiq.